Filimbi Arobaini za Mwalimu Kepher

"Nipeni watoto arobaini ambao hawajui hata kupuliza uji wa moto," Kepher Ojwang aliwaambia wenzake siku ya mwisho chuoni, "na mianzi arobaini ya msituni. Wiki nane tu. Wasipopiga pamoja kama mtu mmoja, navua viatu hivi nampa mbuzi avae."

Wenzake walicheka, wakatazama viatu. Vilikuwa viatu vizuri. Mbuzi angependeza.

Mwaka ulikuwa 1936, na hao walikuwa wahitimu sita wa kwanza wa muziki katika chuo cha ualimu cha misheni, upande wa Sotik. Kwa kupiga, hakuna aliyemfikia Kepher. Akishika tarumbeta, hata mpishi alisahau maharagwe yakaungua, na wanafunzi wakayala yakiwa meusi bila kulalamika. Lakini chuo hakikuwachukua ili wapige. Kiliwachukua ili wafundishe, tena si mtoto mmoja pembeni ya kanisa bali darasa zima la shule ya msingi, wote kwa pamoja, kila mtoto na chombo chake mkononi.

Mkufunzi wao, Mwalimu Bogonko, alikuwa Mgusii mwembamba wa miaka hamsini aliyezungumza polepole, kama mtu anayekata kitambaa cha bei. Alirudia maneno yaleyale mwaka mzima.

"Kupiga ni kazi moja. Kumfundisha mmoja kupiga ni kazi ya pili. Kufundisha arobaini kwa mara moja ni kazi ya tatu, na hizo mbili za kwanza hazitakusaidia sana." Siku moja akaeleza filimbi: mwanzi ukatwe, ukae kivulini wiki sita ukauke taratibu, ndipo utobolewe. Kila mtoto atengeneze yake. Mwalimu azisikilize zote, moja moja, kabla hazijalia pamoja. "Filimbi moja mbovu ikiwa peke yake unaweza kuisamehe," alisema. "Arobaini zikiwa pamoja hazisameheani."

Wenzake waliandika. Kwenye daftari la Kepher, ukurasa wa siku hiyo una picha ya Kepher na tarumbeta.

Masharti yalikuwa wazi. Kila mhitimu angepelekwa shule yake kwa wiki nane. Wiki ya tisa Bogonko angekuja na baiskeli kusikiliza darasa zima. Akiridhika, anatia sahihi na mhitimu anapata cheti pamoja na nafasi ya kudumu. Asiporidhika, hakuna mtihani wa pili. Kepher alipangiwa shule ya kambi katika shamba moja la chai juu ya Litein, kambi ileile alikozaliwa, na karani wa shamba alishamwambia bila kumung'unya maneno: "Ukirudi na cheti, unapata nyumba ya mwalimu. Ukirudi bila cheti, kikapu chako kiko stoo, na safu yako ya chai inakungoja."

Mgongo wa Kepher ulikijua kikapu hicho. Alikuwa amekibeba miaka mitatu kabla ya chuo, na asubuhi za baridi mabega yake bado yalikumbuka kamba.

Basi ungedhani mtu wa namna hiyo angeanza kazi siku ya kwanza. Wiki tatu za mwanzo aliwapigia watoto tarumbeta, eti kuyaamsha masikio yao. Masikio yaliamka kweli, na miguu pia. Darasa likawa linacheza ngoma kutwa nzima. Sifa zikaenea. Akaitwa kupiga harusini Litein, akaitwa Merigi, akaitwa tena Litein kwa sababu bi harusi wa kwanza alikuwa na dada. Wiki ya nne, Jumatatu, alihesabu siku kwa vidole, vidole vikaisha mapema kuliko alivyotaka.

Siku ileile aliwapeleka watoto msituni. Wakakata mianzi, wakaimba wakirudi, na kufikia Ijumaa kila mtoto alikuwa na filimbi ya mwanzi mbichi iliyotobolewa matundu sita. Zililia. Ziliimba do, re, mi kwa sauti nene yenye maji maji, na Kepher akajisikia mshindi. Lakini hata yeye alijua kwamba mwanzi mbichi hubadilika ukikauka. Ulihitaji wiki sita kivulini. Yeye alikuwa na nne.

Ndipo akamkumbuka Owino.

Owino alikuwa msimamizi wa ghorofa ya juu ya faktori, mahali majani ya chai mabichi hutandazwa juu ya vitanda vya magunia na kunyaushwa kwa hewa ya moto inayopanda kutoka chini. Wazazi wao walikuwa wametoka kijiji kimoja kando ya ziwa.

"Omera, ndugu yangu," Kepher alimwambia, akiwa na gunia begani, "hebu nisaidie. Majani yako yananyauka kwa siku moja. Hivi vifimbo vyangu navyo vitakauka kwa siku ngapi?"

Owino aliingiza mkono guniani, akatoa filimbi, akainusa kama anayenusa samaki. "Hii si majani, jamaa yangu. Jani linalegea. Mti unakasirika."

"Wewe weka tu."

"Nikiweka, na zikikasirika?"

"Nitazibembeleza. Mimi ni mwanamuziki."

Zikakaa siku tatu kati ya vitanda vya majani. Siku ya nne Kepher alizichukua. Zilikuwa nyepesi, za njano, zinanukia chai vizuri mno. Akafurahi. Akapuliza moja: sawa. Akapuliza ya pili: sawa kidogo. Hakuendelea. Aliyepiga tarumbeta tangu utoto hana subira ya kukaa na vipande arobaini vya mwanzi, kimoja baada ya kingine. Akawagawia watoto, akainua fimbo yake ya kuongozea, akahesabu: moja, mbili, tatu.

Sauti iliyotoka ilimfanya mbwa wa mlinzi aruke ua.

Ilikuwa kama milango arobaini isiyotiwa mafuta, kila mmoja ukifunguliwa na mtu mwenye hasira tofauti. Watoto wenyewe waliacha kupuliza, wakaangaliana. Msichana mmoja wa safu ya tatu, Nyatichi, mtoto mwenye macho makubwa na maneno machache, alitazama filimbi yake kama iliyomtukana.

"Mwalimu, yangu inalia mahali pawili," alisema.

Kepher aliichukua na kuigeuza kwenye mwanga. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umepita kutoka tundu la juu hadi la chini. Akachukua ya pili. Ufa. Ya tatu haikuwa na ufa, ila ilikuwa imejikunja ikawa bapa, na do yake ilikuwa imepotea njia ikafika karibu na re. Alikaa sakafuni, na sasa, akiwa amechelewa mwezi mzima, akafanya alichoambiwa. Alizisikiliza moja moja.

Nane tu zilikuwa nzima.

Angeweza kuandika barua. Safari ya baiskeli kutoka kambini hadi chuoni ilikuwa ya siku moja. Angesema, Mwalimu, nimekosea, mianzi imeharibika, naomba muda. Usiku huo aliandika barua hiyo mara mbili kichwani, na mara zote mbili ilifika kwenye neno "nimekosea" ikakwama, kwa sababu baada ya neno hilo aliona kikapu, na baada ya kikapu aliona wenzake watano wakimtafuta mbuzi.

Kwa hiyo akapanga hila.

Darasa lilikuwa na safu tano za watoto wanane. Filimbi nzima zilikuwa nane. Bogonko, kila mtu chuoni alijua, alikuwa na desturi moja: kwanza anasikiliza darasa zima, kisha anasikiliza safu moja moja, akikaa mbele kwenye kiti na karatasi magotini. Haendi nyuma. Goti lake halikumpenda.

Zile filimbi thelathini na mbili mbovu Kepher alizijaza makapi ya chai kutoka faktori, akayasindika kwa kijiti hadi filimbi ikawa bubu kabisa. Mtoto angepuliza mpaka mashavu yapasuke, pasitoke kitu. Wakati wa darasa zima, safu ya mbele ingepiga kweli na wengine wangechezesha vidole. Kisha, kila safu ikimaliza, watoto wangeweka mikono nyuma kwa heshima, na filimbi nzima zingepita nyuma ya migongo kwenda safu inayofuata, huku bubu zikirudi mbele.

Wiki tatu zilizobaki zilikwenda kwenye mazoezi hayo. Na hapa Kepher alishangaa. Watoto hawa, ambao hakuweza kuwafundisha kupiga pamoja, walijifunza kupitisha pamoja kwa siku nne. Mikono nyuma, moja; toa, mbili; pokea, tatu; mbele. Watoto arobaini, hakuna filimbi iliyoanguka. Ilikuwa kazi safi kuliko wimbo wenyewe. Walichuma chai na mama zao tangu wakiwa wadogo, na mikono yao ilijua kufanya jambo bila macho kuangalia.

"Mwalimu, hii ndiyo muziki?" Nyatichi aliuliza siku moja.

"Hii ni nidhamu ya muziki," Kepher alisema. "Nyumbani usiisimulie, tutawashangaza wazazi."

Nyatichi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto wa kutii.

*

Bogonko alifika Jumatano saa nne asubuhi, suruali imefungwa kamba miguuni isishikwe na mnyororo wa baiskeli. Ukungu ulikuwa umeinuka, na kutoka darasani mtu aliona wachumaji wakishuka mteremko, vichwa na vikapu tu juu ya kijani. Kepher alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda, Ojwang."

"Kazi, Mwalimu."

"Vizuri. Wahitimu wanne niliowasikia wamenenepa. Wote wamefeli."

Kepher alicheka. Bogonko hakucheka. Alikaa kwenye kiti mbele, akafungua kalamu, akaweka karatasi ya mtihani magotini. Chini kabisa ya karatasi kulikuwa na mstari mtupu wa sahihi, na Kepher, akiwa amesimama hatua mbili mbali, aliuona mstari huo vizuri kuliko alivyowaona watoto.

"Darasa zima," alisema Bogonko.

Kepher aliinua fimbo. Wimbo ulikuwa wa noti tano, aliutunga mwenyewe, mwepesi kama ngazi ya kuku. Safu ya mbele ikapuliza. Nyuma yao mashavu thelathini na mawili yakavimba, vidole vikacheza. Sauti ilitoka safi. Ilitoka safi na ndogo.

Wimbo ulipokwisha Bogonko aliinamia karatasi yake.

"Ni sauti nzuri," alisema Bogonko. "Lakini arobaini huwa wengi zaidi ya hapo."

"Nimewafundisha kupuliza kwa upole, Mwalimu. Ulisema mtoto asipige kelele."

"Nilisema?"

"Mwezi wa pili, Mwalimu."

Bogonko alimtazama, kisha akaandika kitu. Kalamu ilikwaruza. "Safu kwa safu, basi."

Safu ya kwanza ilipiga. Wakaweka mikono nyuma. Moja, mbili, tatu. Kepher alikohoa kufunika mchakacho mdogo wa mianzi, kisha akainua macho.

Dirishani, upande wa nyuma, palisimama mwanamke na kikapu mgongoni.

Dirisha la darasa halikuwa na kioo, lilikuwa tundu tu ukutani. Mwanamke alikuwa ameegemeza viwiko vyake pale, leso kichwani imelowa umande, ametoka moja kwa moja shambani. Alikuwa Bosibori, mama yake Nyatichi. Mbele yake ilikuwapo migongo arobaini ya watoto. Na kwenye migongo hiyo, kama mtu aliyekaa juu ya paa akiangalia soko, aliona kila kitu.

Kepher alimwonyesha kwa macho: nenda. Bosibori akatabasamu, akapunga mkono.

"Safu ya pili," alisema Bogonko.

Ikapiga. Ilipiga vizuri, watoto walikuwa wamejifunza kwa zamu kwenye filimbi zile nane, na wimbo walikuwa nao. Mikono nyuma. Moja, mbili, tatu. Bosibori aliweka kiganja mdomoni na mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Kepher alitikisa kichwa kidogo sana. Bosibori naye akatikisa kichwa, akidhani ni salamu.

"Una tatizo la shingo?" Bogonko aliuliza bila kuinua macho.

"Baridi tu, Mwalimu."

"Safu ya tatu."

Nyatichi alikuwa wa nne kutoka kushoto. Alipiga akiwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Bogonko aliacha kuandika. Aliinamisha kichwa upande mmoja. Kidole chake kilipiga goti taratibu, pamoja na mtoto. Kepher aliona, akahesabu. Zimebaki safu mbili. Safu mbili tu, na mstari mtupu unajaa.

Safu ya nne: mtoto mmoja nusura aangushe. Filimbi ilimteleza, jirani akaidaka kwa goti na kuirudisha mkononi bila kugeuka. Dirishani Bosibori alisema "Eh!" kwa sauti, kama anayetazama mpira. Bogonko aliinua kichwa.

"Ni nani huyo?"

"Mzazi, Mwalimu. Wanapenda sana muziki hapa."

"Vizuri mzazi kupenda." Akainama tena.

Safu ya tano ilipiga. Ikamaliza. Kepher alishusha fimbo.

Bogonko alisoma karatasi yake kutoka juu hadi chini. Alisoma tena. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayekata kitambaa:

"Ojwang, nilikuja hapa nikijua utafeli. Chuoni ulikuwa unajipenda kuliko wanafunzi. Lakini mtoto yule wa safu ya tatu hakufundishwa na mtu anayejipenda." Akageuza kalamu. "Nimefurahi kukosea."

Kepher alitaka kusema asante. Kitu fulani ndani yake, kidogo na chenye haya, kilisema afadhali aseme sasa, sasa hivi, kabla wino haujagusa. Akafungua mdomo. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi. Akaufunga mdomo.

"Mwalimu, samahani kusumbua!"

Ilikuwa sauti ya dirishani. Bosibori alikuwa ameinama ndani mpaka kikapu chake kikagonga fremu. Bogonko aliinua kalamu, herufi moja ikiwa imeandikwa.

"Karibu, mama," alisema.

"Mimi ni mama ya Nyatichi. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, halafu narudi kazini kabla nyapara hajaniona. Leo mtoto aje nyumbani na ile filimbi ya kulia. Baba yake kila jioni anamwambia apige, anapuliza, anapuliza, hakuna kitu. Mzee anasema mtoto hana akili. Kumbe iko ile nyingine!"

"Mama Nyatichi," Kepher alisema haraka, "tutaongea baadaye, nakuja huko nje—"

"Ile nyingine ipi, mama?" aliuliza Bogonko.

"Ni hizo nane! Hizo wanazopitisha." Akaondoa mikono miwili dirishani, akaiweka nyuma ya mgongo, chini ya kikapu, akaonyesha. "Hivi, halafu hivi. Moja, mbili, tatu, imeenda! Mimi nimechuma chai miaka kumi na mbili na sijaona mikono ya watoto inaenda haraka hivyo. Hata wewe hukuona, Mwalimu, na uko karibu! Ndiyo nikacheka. Nikasema kumbe hii ndiyo wanasoma hapa."

Hakuna mtoto aliyegeuka. Arobaini walimtazama Kepher, wakingoja fimbo iinuke au ishuke.

Bogonko aliweka kofia ya kalamu. Aliiweka taratibu, ikalia *tak*.

"Ojwang," alisema, "mama huyu anasema ukweli?"

Kepher alimtazama Bosibori. Uso wake ulikuwa umejaa furaha safi, ya mtu aliyekuja kusifu. Bosibori akamwona akishusha macho, akadhani anaona haya kusifiwa, akamhurumia.

"Usione haya, Mwalimu," alimwambia kwa upole. "Mwambie mgeni. Si ni wewe uliwafundisha?"